Ugonjwa Ni wa Nani?

Mwaka 2017 sisi wawili wa Kampemba tulisafiri mpaka Antwerpen, katika nchi ya Ubelgiji, kwa kazi ya utafiti juu ya afya. Mji ule una chuo kikubwa cha magonjwa ya nchi za joto, kilichoanzishwa Bruxelles mwaka 1906. Tulikwenda kujifunza magonjwa. Tukajifunza na watu.

Siku moja mzee jirani yetu alilazwa, tukaenda kumwangalia. Tukamkuta peke yake: hakuna mkeka chini, hakuna chungu cha bukari, hakuna shangazi wa kumfulia nguo. Akatuambia bila kuficha, “Nina kansa. Mganga ameniambia.” Tukamwuliza kama watoto wake walijua. Akajibu, “Bado. Mwili ni wangu. Nani asikie kwanza?”

Kule sheria ya mwaka 2002 humpa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake. Tena bima ya ugonjwa ni ya lazima, nayo hulipa sehemu kubwa ya gharama. Kwetu walipao ni jamaa, basi mganga husema na jamaa. Tukawaza moyoni: watu hawa hawana huruma.

Mwaka 2019 mama mkubwa aliugua. Tulilala kwa zamu kando ya kitanda chake, tukampikia, tukamwogesha. Mganga akatuita nje, akasema ugonjwa ule hauponi. Nasi tukamwambia mama, “Ni malaria tu, itapita.” Akatutazama, akauliza, “Mbona mnanong’ona?” Hatukujibu. Hata padri tulichelewa kumwita, tukiogopa mama asije akafahamu. Ingawa Mtaguso ulikwisha fundisha mwaka 1963 kwamba Mpako si wa wenye kukata roho tu. Mama alikuwa na mwana waliyekosana, akaaye Kolwezi. Mwana huyo alifika siku ya maziko.

Hapo tukamkumbuka mzee wa Antwerpen. Yeye alijua ugonjwa wake, lakini alikula peke yake. Mama alikula pamoja nasi, lakini hakuambiwa neno.

Basi, ndugu, tusiuache mkeka wetu. Ila sheria ile ya Ubelgiji humruhusu mgonjwa pia kuchagua mtu wa kumsaidia mbele ya mganga. Jambo hilo twaliweza hata hapa Kampemba: tumwulize mgonjwa mwenyewe anataka kujua nini, na nani awe karibu naye akisikia. Na akituuliza mbona tunanong’ona, tuketi kando yake, tumjibu.