Shoferi wa zamani, mwanafunzi mpya

Baba yangu mdogo aliendesha kamyo kati ya Bukavu na Uvira kwa miaka 11. Sasa yuko Marekani, ana kadi ya ukazi wa kudumu, lakini permi yake ya Kongo haimruhusu kushika lori wala basi kule. Inabidi aanze upya.

Hatua ni hizi: kipimo cha afya, mtihani wa maswali ambao lazima upate angalau asilimia 80, leseni ya mwanafunzi ya kukaa nayo siku zisizopungua 14, halafu mtihani wa kuendesha. Tangu Februari 2022, anayeomba mara ya kwanza lazima apitie kwanza shule iliyosajiliwa. Kubeba mizigo toka jimbo moja hadi jingine, uwe na miaka 21.

Usukani haumsumbui. Kinachomsumbua ni Kiingereza. Siku ya mtihani atazunguka gari, aonyeshe taa, tairi, breki za upepo, na kueleza kila kitu kwa mdomo. Na tangu Juni 2025, dereva wa lori asiyejua Kiingereza cha kutosha akikaguliwa njiani, haruhusiwi kuendelea na safari.

Basi kila Jumapili ananipigia simu, mimi mtoto wake namsomesha. Ananiita mwalimu, naona haya kidogo. Bibi anakaa pembeni akisikiliza, maana pesa ya dawa zake inangoja leseni ile.

Wazee wetu mlioshika usukani zamani, karibuni darasani jioni. Hata kama safari haipo, elimu haiozi.