Babu Hakuwahi Kunisikia

Nilianza kusoma habari mwaka 2012, kwenye kituo kimoja cha FM hapa Dar es Salaam. Nilikuwa na miaka 24, nimetoka chuo juzi juzi tu, na nilipomaliza taarifa yangu ya kwanza nilitoka nje ya studio nikampigia babu, huko milimani Mbinga. Nikamwambia: babu, leo nimesoma habari redioni. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mita ngapi, mchumba?"

Nilicheka. Kwa wale mliokua na simu mkononi, babu alikuwa anauliza urefu wa wimbi. Redio yake ilikuwa National ya zamani, na kwenye kioo chake kulikuwa na safu za namba: 25, 31, 49, 60. Kwake yeye kila kituo kilikuwa na anwani yake pale, kama mtu anavyojua nyumba ya jirani hata gizani. Nikamwambia sisi hatuna mita, babu, sisi ni FM.

"Kwa hiyo sitakusikia," akasema. Wala hakuwa anauliza.

Alikuwa sahihi. Mawimbi ya FM huenda kama mwanga wa tochi: yakikuta mlima yamekwama, na hata pasipo mlima hayafiki mbali. Kutoka Dar hadi kwa babu ni kama kilomita 1,000 kwa barabara, na mwisho wake ni vilima tupu na mibuni. Masafa mafupi yana tabia nyingine kabisa. Yanapanda angani, kilomita mia na ushee hadi mia tatu, mia nne juu, yanakuta tabaka lenye chembe za umeme, yanagonga pale na kurudishwa chini, mbali sana na yalikotokea. Jua likizama mambo hubadilika: mita ndogo za mchana zinachoka, zile kubwa za 49 na 60 zinaamka. Babu hakusoma fizikia, lakini jioni ikiingia mkono wake ulikuwa unahama wenyewe kwenye kile kioo.

Nchi hii iliunganishwa kwa njia hiyo, tusisahau. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 kama kituo kidogo cha mji na viunga vyake. Mwaka 1956 kikaundwa chombo cha utangazaji cha Tanganyika nzima, na mwaka 1965 serikali ikakichukua moja kwa moja, ndipo tukapata Redio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Sasa fikiria: nchi ya zaidi ya kilomita za mraba 900,000, barabara za vumbi, magazeti yanafika yakiwa yameshafungiwa sukari. Utamfikiaje mtu wa Mbinga, wa Kibondo na wa Tarime usiku mmoja? Kwa mita 60. Kilohezi 5050 ndiyo ilikuwa namba ya RTD, na kwenye redio ya babu palikuwa na alama ya wino wa bluu hapo hapo.

Choo cha babu kilijengwa na redio. Sitanii. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya: watu wanakaa vikundi, wana kijitabu, wanasikiliza kipindi, kisha wanajadili malaria, maji, vyoo. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni mbili. Babu alikuwa katibu wa kikundi chao, na kila alipokionyesha kile choo alikuwa anakitaja kwa jina la kipindi. Upande wa pili wa Mto Ruvuma kulikuwa na vita, na sauti hiyo hiyo ya Dar ilivuka mto. Idhaa ya nje ya RTD iliwapa nafasi FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine wazungumze na watu wao kwa lugha zao. Babu alisema jioni nyingine ukizungusha kidogo tu unaangukia kwenye Kireno, na hukujua kama ni mkoloni anaongea au ni mpiganaji.

Sitaki kupaka sukari. Hiyo ilikuwa sauti ya serikali, na hadi Radio One ilipoanza mwaka 1994, sisi wa bara hatukuwa na redio nyingine ya kwetu ya kushindana nayo. Ilipokuwa inasifu Operesheni Vijiji, waliobomolewa nyumba zao hawakupewa kipaza sauti. Lakini mashine yenyewe ilikuwa na ujanja wake. Aliyejenga mtambo alitaka wote tusikie sauti moja, kumbe redio ile ile inayoshika Dar inashika na London. BBC ilikuwa inatangaza kwa Kiswahili tangu 1957, Sauti ya Ujerumani tangu 1963. Babu alikuwa anamaliza taarifa ya saa mbili usiku, anamsikiliza na yule bwana wa Mazungumzo Baada ya Habari mpaka mwisho, kwa heshima zote. Halafu anasema, "Haya, huyu tumemsikia," na anaanza kuzungusha. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka minane, tisa, kazi yangu ni kushika waya wa eriali uliopita dirishani kwenda kwenye mparachichi. Nilisoma uandishi wa habari miaka mitatu na sikuwahi kupata somo lililozidi lile.

Ila sababu hasa ya babu kuiheshimu ile redio ilikuwa nyingine, nami niliijua nikiwa mkubwa.

Mdogo wake alikwenda Tanga kukata mkonge. Walikwenda wengi kutoka kwetu, manamba, na wengi hawakurudi. Yeye alioa huko, akazaa huko, barua zikaja, kisha zikakoma. Jioni moja mwaka 1983, wakati wa matangazo ya vifo, babu yuko uani anatengeneza mpini wa jembe, akasikia jina la mdogo wake. Amefariki. Halafu ikaja ile orodha ya ndugu, popote walipo. Akasikia jina lake mwenyewe. Jina lake, la kijiji chake na la baba yake, yakisomwa na mtu aliyekaa Barabara ya Pugu, Dar es Salaam, ambaye hakuwa anamjua. Bibi alisema babu alisimama wima kama aliyeitwa na mwalimu. Kisha akaingia ndani akaizima redio, akaifunika na kitenge, haikufunguliwa siku arobaini. Alisafiri hadi Tanga, alichelewa mazishi lakini aliwahi matanga, na watoto wa mdogo wake akawajua siku ile. Kilichompata kilikuwa tangazo la sekunde kama ishirini.

Sasa nirudi kwangu. Krismasi ile ya 2012 nilikwenda nyumbani na sauti yangu kwenye simu. Nilikuwa nimejirekodi nikisoma taarifa nzima ya saa kumi na mbili, safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Babu akasikiliza hadi mwisho, kichwa amekiinamisha upande wa sikio lake zuri.

"Hii ni ya lini?"

Nikasema ya Oktoba, babu.

"Basi hii si habari, mchumba. Hii ni kumbukumbu."

National ilikuwa bado iko mezani. Masafa mafupi ya nyumbani yalikuwa yameshafifia. Fedha zilikuwa zimeelekezwa kwenye FM na televisheni, na kwa kweli huko ndiko waliko wasikilizaji wengi. Babu alidhani redio ndiyo mbovu. Alianika betri juani, akanunua mpya, akampelekea fundi mjini mara mbili. Fundi akamwambia redio nzima. Mimi nikaona nimsaidie, nikamnunulia kiredio cha Kichina chenye FM na tochi. Pale kijijini kilishika kituo kimoja tu. Babu alikigeuza huku na huku akitafuta pa kuzungushia, kisha akawa anatumia ile tochi.

Alifariki Agosti 2014. Nilisimamia mimi taarifa, si ndiye mwenye kazi hiyo? Nikaandika ujumbe, nikautuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, nikapiga simu kumi na mbili, nikaona nimemaliza. Kaka akauliza kama tupeleke tangazo la kifo redioni. Nikamwambia siku hizi nani anasikiliza hayo, kila mtu ana simu.

Wa Tanga hawakuwa kwenye kundi. Namba tuliyokuwa nayo ya shangazi, binti wa yule mdogo wa babu, ilikuwa imeshafungwa. Walijua baada ya wiki tatu, kwa mtu aliyekutana na mtu kwenye basi. Shangazi alikuja peke yake, amevaa kanga nyeusi, tukampeleka kaburini. Hakulia sana. Tulipokuwa tunarudi, kwenye ule mteremko wa mibuni, akanishika mkono.

"Mwanangu, sisi tangu alipokufa baba hatukosi matangazo ya vifo," alisema. "Kila jioni. Tulijua siku ya huyu mzee tutaitwa."

Sikuwa na la kusema. Tukatembea. Karibu na nyumbani akauliza, kwa upole kabisa, kama anayetaka tu kujua:

"Na wewe si ndiye mtangazaji?"