Mwaka Mmoja wa Kutunza Siri za Wanafunzi



Tangu nilipomaliza masomo yangu ya saikolojia huko Marekani, nimepokea maswali mengi kutoka kwa vijana wa Bujumbura, Kigali na Kampala, na mengine kutoka kwa wazazi wao. Vijana huuliza njia ilivyo. Wazazi huuliza jambo moja tu, ingawa kila mmoja hulizungusha kwa namna yake: mwanangu akienda kumweleza mtu asiyemjua mambo ya nyumbani kwetu, mambo hayo yataishia wapi? Nitajibu yote mawili kwa kadiri nilivyoona, ila la wazazi ndilo nitakalokaa nalo zaidi, kwa sababu ndilo lililonishughulisha mwaka mzima.

Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi. Wanaopajua wanajua kwamba ni mtaa wa Waislamu ambao Kiswahili husemwa nyumba kwa nyumba, na kwamba ukikohoa barabara ya 3 utapewa pole barabara ya 20. Kwetu siri hutunzwa na mtu, shangazi au bibi au rafiki mmoja, na mtu huyo huchaguliwa kwa miaka. Habari ya kwamba ofisi inaweza kutunza siri ni ngeni kwetu, na sishangai wazazi wakiitilia shaka.

Kwanza nieleze njia. Anayesoma shahada ya uzamivu ya saikolojia ya tiba au ya ushauri nasaha huko Marekani hukaa darasani na katika mazoezi miaka minne au mitano, kisha kabla ya kupewa shahada hutakiwa afanye mwaka mzima wa kazi chini ya usimamizi. Huo ndio huitwa mwaka wa intanishipu. Vituo vingi hutaka saa 2,000. Wengine hufanyia hospitalini, wengine magerezani, wengine katika zahanati za mitaa. Mimi niliomba zaidi vituo vya ushauri nasaha vya vyuo vikuu, kwa kuwa nilitaka kufanya kazi na vijana.

Namna ya kupata nafasi ni ya kipekee, na huwachekesha sana wazee wetu ninapowaeleza. Mwombaji hutuma maombi yake kwa njia ya intaneti mwezi wa Novemba kupitia chama kiitwacho APPIC, pamoja na insha nne fupi na hesabu ya saa zake zote za mazoezi. Vituo vikimpenda humwita kwenye usaili Desemba na Januari, ambao tangu 2020 kwa wengi hufanywa kwa video. Kisha mwombaji huandika orodha ya vituo kwa mpangilio wa anavyovipenda, na kila kituo nacho huandika orodha ya waombaji inaowapenda. Orodha zote huingizwa katika kompyuta, na mwezi wa Februari kila mtu huambiwa ameangukia wapi. Matokeo hayo hufunga pande zote mbili, huwezi kusema umebadili nia. Bibi yangu alipoelezwa alisema, kumbe ni posa, na mshenga ni mashine! Hakukosea sana. Hesabu inayotumika katika mpango huo, ulioanza 1999, imetokana na kazi iliyohusu pia ndoa: Lloyd Shapley na David Gale waliandika juu ya kuoanisha watu mwaka 1962, Alvin Roth akaiendeleza, na Shapley na Roth wakapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012.

Kijana anayetoka kwetu ajue mambo mawili mapema. La kwanza, hospitali za serikali za maveterani, ambazo zina nafasi nyingi sana, huchukua raia wa Marekani tu, na hata baadhi ya vyuo havipokei mwenye viza ya mwanafunzi. Soma masharti kabla hujalipa ada ya maombi. La pili, mwenye viza ya F-1 hufanya mwaka huo kwa kibali kiitwacho CPT, na akikitumia kwa kazi ya muda kamili miezi 12 au zaidi hupoteza haki ya kibali cha OPT, ambacho ndicho angekitumia kufanya kazi baada ya kuhitimu. Tarehe zangu zilihesabiwa siku kwa siku na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ili zisifike miezi 12. Jambo hili hakuna atakayekukumbusha.

Mimi nilianza Agosti 2022 katika chuo kimoja cha katikati ya Marekani. Kazi ilikuwa ya aina nyingi. Kuwapokea wanafunzi wapya na kusikia shida yao, kuonana na wengine kila wiki, kuongoza kikundi, kushika zamu ya dharura kwa anayeingia akilia bila miadi, na kwenda mabwenini kuzungumza juu ya usingizi na hofu ya mitihani. Intani haachwi peke yake. Kwa masharti ya ithibati hupata usimamizi wa saa zisizopungua nne kwa wiki, na mbili kati ya hizo huwa ni yeye na mwanasaikolojia mwenye leseni ana kwa ana. Vikao vyangu vilirekodiwa kwa video, kwa ridhaa ya mwanafunzi, na msimamizi akaviangalia. Kuna siku alisimamisha video na kuniuliza kwa nini nilinyamaza kwa muda fulani, na siku nyingine kwa nini sikunyamaza.

Kina dada wameniuliza juu ya kukaa chumba kimoja na mwanafunzi wa kiume mlango ukiwa umefungwa. Nililiuliza swali hilo kwa sheikh wangu kabla ya kuanza, nikamweleza habari ya kamera, ya msimamizi na ya kwamba hiyo ni tiba, naye akanipa jawabu lililonituliza. Nawe muulize wako, maana hali hutofautiana na mimi si mtoaji fatwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vitabu havikunifundisha vya kutosha. Mwanafunzi anapofika kituoni hujaza dodoso. Kituo chetu kilitumia dodoso liitwalo CCAPS, ambalo limetengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo, na mtu hujipa alama kutoka 0 hadi 4 kwa kila sentensi. Lakini dodoso limeandikwa kwa Kiingereza, na maneno yake ya huzuni na wasiwasi ni ya Kiingereza. Msemaji wa Kiswahili hasemi hivyo. Yeye husema "nina mawazo", na neno hilo limebeba kukosa usingizi, kuwakumbuka waliokufa, ada ambayo haijalipwa, na aibu ya kuonekana mnyonge. Husema moyo wake ni mzito, au kichwa kimejaa, au tumbo linamsumbua na daktari haoni kitu. Kijana anaweza kujipa sifuri karatasi nzima, kisha ukimuuliza kwa Kiswahili, "Je, unapata usingizi?", akainamisha kichwa. Katika mji ule kulikuwa na familia nyingi za Wakongo na Warundi waliofika kama wakimbizi, na watoto wao walikuwa wameanza kuingia chuoni. Nilimwomba msimamizi tuongeze maswali yetu wenyewe kwa wanafunzi wa namna hiyo, akakubali.

Wapo wanaosema elimu hii ni ya Kizungu. Naomba wamsome Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934. Yeye aliandika kitabu chenye sehemu mbili, moja juu ya kuutunza mwili na nyingine juu ya kuitunza nafsi, na humo alizungumzia hasira, hofu, huzuni na wasiwasi unaomzunguka mtu akilini. Aliwalaumu hata matabibu wa zama zake kwa kuushughulikia mwili peke yake.

Turudi kwenye siri. Huko Marekani mtu akishafika miaka 18 au akishaingia chuo kikuu, haki juu ya kumbukumbu zake za masomo ni yake, wala si ya wazazi, kwa sheria ya mwaka 1974. Kumbukumbu za ushauri nasaha zinalindwa zaidi ya hapo, hukaa mbali na faili la masomo, na mwalimu au mkuu wa kitivo hazioni. Mshauri hatakiwi hata kukiri kwamba fulani ni mteja wake. Mwanafunzi mwenyewe akitaka mzazi ajulishwe, hutia saini karatasi, na huchagua nini kisemwe na nini kisisemwe.

Lakini siri hiyo ina mipaka, na mwanafunzi huelezwa mipaka hiyo siku ya kwanza kabla hajafungua kinywa. Kama maisha yake yamo hatarini, kama mtoto mdogo anadhulumiwa, kama mahakama imeamuru, au kama anakusudia kumdhuru mtu. Hili la mwisho lina historia yake. Mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, mwanafunzi kutoka India aitwaye Prosenjit Poddar alimwambia mwanasaikolojia wa huduma ya afya ya chuo kwamba anataka kumuua msichana aliyemkataa. Mwanasaikolojia aliwaarifu polisi wa chuo, nao wakamhoji kijana wakamwachia. Msichana hakuambiwa, wala wazazi wake. Oktoba ya mwaka huo Tatiana Tarasoff aliuawa. Wazazi wake walikwenda mahakamani, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California ikaamua kwamba mtabibu ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda anayetishiwa. Majimbo hayafanani katika sheria hii, lakini kila intani hufundishwa kesi hiyo. Mimi huwasomea wazazi wetu habari hii kwa sababu wengi hudhani siri ya kituo ni ukuta usio na mlango. Mlango upo, ila ni kwa ajili ya kuokoa nafsi. Udadisi haufungui mlango huo, hata uwe udadisi wa mama.

Mwezi wa Oktoba 2022 mama mmoja tuliyekuwa tukiswali naye msikiti mmoja alinipigia simu. Alinisalimu, akaniuliza hali ya nyumbani Bujumbura, kisha akasema, "Mwanangu, nimesikia uko pale chuoni kwenye ile ofisi. Kijana wangu amebadilika. Niambie tu, anakuja kwenu au haji?"

Nilimjibu, "Mama yangu, siwezi kukwambia kwamba anakuja, na siwezi kukwambia kwamba haji."

"Mimi ndiye niliyemzaa."

"Najua mama. Na ningekuwa nimemwona jana au sijawahi kumwona kabisa, jawabu langu lingekuwa hilo hilo."

Alikasirika, na hasira yake ilikuwa na haki. Mwanamke huyu alimbeba mtoto huyo mgongoni kutoka Uvira hadi kambini, na leo binti wa Buyenzi anamwambia sheria. Nilimweleza lililowezekana. Kwamba yeye anaweza kupiga simu kituoni na kusema yote anayoyaona, kijana halali, hali, amegawa vitu vyake, na kituo kitasikiliza na kuandika, ingawa hakitamrudishia neno. Kwamba akiona dalili ya kujidhuru asisubiri ofisi ifunguliwe, apige 988, namba ya dharura ya huko iliyoanza Julai 2022, au aite gari la wagonjwa. Kwamba anaweza kumuuliza kijana mwenyewe waziwazi kama anafikiria kufa, na kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Alisikiliza. Kisha akakata simu bila salamu.

Kesho yake nilimweleza msimamizi kuwa nimepigiwa simu, na nikampa majina ya familia zote ninazozijua katika jamii ile, ili kama jina mojawapo litatokea, sasa au baadaye, apewe mshauri mwingine. Huo ndio utaratibu, kwani huwezi kuwa mshauri wa mtu ambaye Ijumaa unakula sahani moja na mama yake. Na hata leo, ndugu msomaji, hutapata kwangu kama kijana yule alikuja au hakuja. Mama mwenyewe ameniruhusu niandike habari ya simu ile, kwa kuwa ni yake.

Miezi ilipita mama hanisemeshi. Katika jamii ndogo ya ugenini hilo ni jambo zito, maana hao ndio waliokuwa ndugu zangu. Nilikuwa nikiingia upande wa kina mama naye anageuza uso. Ramadhani ya 2023 ikaingia mwishoni mwa Machi, wakati wanafunzi wanakaribia mitihani, kazi ikawa nyingi, nami nikawa nafuturu ofisini kwa tende na maji kati ya mteja na mteja.

Siku ya Idi, tarehe 21 Aprili, kina mama walikuwa wamekaa wakipakua pilau. Yule mama alinionyesha kwa mkono mbele ya wote, akasema kwa sauti, "Huyu mnayemwona, msimuulize kitu. Hasemi. Hata ukilia, hasemi." Alilisema kama lawama, na wengine wakacheka. Nilikula pilau yangu nikanyamaza.

Jioni ile ile nilipata simu mbili kutoka kwa wanawake waliokuwa pale. Wiki iliyofuata nikapata tatu. Wote walianza kwa maneno yanayofanana: nina binti yangu, au nina mdogo wangu, au ni mimi mwenyewe, nataka mahali pa kusema. Niliwapa namba ya kituo, na kwa wasiokuwa wanafunzi namba ya zahanati ya mtaa wao yenye mkalimani wa Kiswahili. Wa mwisho kupiga alikuwa yeye mwenyewe, kwa ajili yake. Alisema tangu kambini hajapata usingizi wa usiku mzima.