Ile video ya stafeli nimeitoa

Wasee, ile video ya unga wa majani ya mstafeli nimeitoa. Nililipwa elfu nne niseme unaua kansa na seli nzuri hauzigusi. Nikasema. Na doo nikakula.

Juzi shangazi, ambaye anapata kemo, akanipigia. "Nimeona video yako. Nianze na vijiko vingapi?"

Nilikwama. Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kusoma sijaacha, nikakesha nikisoma. Majani hayo yana kemikali zinaitwa asetojenini. Kwa maabara kweli zinaua seli za kansa, lakini ona vile zinafanya: zinaziba mitokondria, pale seli inatengenezea ATP. Ni kama kuzima stima ya nyumba. Sasa, hata seli zako nzuri zinatumia stima hiyo hiyo! Seli moja ya ini ina mitokondria zaidi ya 1000, na karibu kila kitu unachomeza kinapitia ini kwanza. Ini la mtu wa kemo tayari liko na kazi ya kutosha.

Huko Guadeloupe, 1999, madaktari waliripoti wagonjwa wa kutetemeka na kukakamaa kama wa Parkinson, na stafeli na chai ya majani yake vikashukiwa. Hapo ni ubongo.

Nikamwambia, "Shangazi, usinywe. Ongea na daktari wako kwanza."

Akanyamaza kidogo. "Sawa, mwanangu. Na wale wengine walioiona?"