Nilivyoacha Kuishi kwa Robo

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala. Hela yangu huingia kidogokidogo: suruali ya kupunguza kiuno, sare ya shule, dera la shughuli. Kwa miaka mingi ilivyoingia ndivyo ilivyotoka, jioni ileile. Unga kilo moja, sukari robo, mafuta ya kupima, majani ya chai, mchicha fungu moja, nyanya fungu moja. Kesho yake hivyohivyo. Nyumba ina watu sita, lakini ukifungua kabati asubuhi hukuti kitu zaidi ya chumvi.

Anayeishi hivi hesabu yake anaijua. Chukulia kilo ya sukari ni shilingi 2,800 na robo kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, ni 800. Robo nne ni 3,200. Shilingi 400 zimekwenda, na hiyo ni sukari tu. Mafuta ya kupima yanauma zaidi. Mangi simlaumu. Naye hununua mfuko, hukaa akifunga vifuko, hufunga duka watu wamelala, na daftari lake la madeni lilikuwa na jina langu pamoja na majina ya nusu ya mtaa. Lakini mwenye hela kidogo ndiye anayenunua ghali kuliko wote, na hununua ghali kila siku ya Mungu. Jambo hili bado linanichoma.

Mama yangu alikuwa mke kijana hapa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980, enzi za foleni. Hutusimulia maduka ya kaya, sukari na sabuni za mgawo, unga wa njano uliokuja kwa meli ambao watu waliuita unga wa Yanga, na nguo zilizofuliwa kwa majani ya mpapai. Mpaka leo hakubali kopo lake la sukari lifike chini. Mwaka 2022, bei ya mafuta ya kula ilipopanda mpaka nikawa napikia mboga kwa karanga za kutwanga, nilikwenda kumlilia hali. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Mwanangu, njaa haianzi siku unga unapoisha. Inaanza siku unapokuwa huna ujanja ila kununua. Siku hiyo bei anapanga mwenzio.”

Neno hilo nililipeleka kwenye mchezo wetu wa kupeana hela. Tulikuwa wanawake kumi na wawili na kijumbe wetu, kila wiki mmoja anapokea. Hela ile ilisaidia, lakini ilikuwa inayeyukia kwenye ada, vitenge na madeni. Tukakubaliana kuanzisha mchezo wa pili, wa chakula tupu: shilingi 5,000 kila wiki, hakuna kupokea, hakuna kukopa, mpaka mwezi wa sita. Shoga yangu mmoja ana ndugu Kibaigwa, kule Kongwa, penye lile soko kubwa la mahindi kando ya barabara ya Dodoma. Mwezi wa sita ndio mavuno yanaingia na bei iko chini. Ikifika Januari na Februari, maghala ya wakulima yamekauka, mahindi yaleyale yamepanda, na ndipo watu wa mjini tunapopigwa.

Hapo pana jambo lililonikosesha usingizi. Mkulima wa Kongwa anauza Juni kwa sababu ana ada ya mtoto, ana deni la mbegu, ana mgonjwa. Hana uwezo wa kungoja. Mimi nanunua Februari kwa sababu hiyohiyo. Ugonjwa wetu ni mmoja, yeye kwenye ncha ile na mimi kwenye ncha hii, na katikati yetu amekaa mwenye ghala na subira yake. Kwa hiyo tulipowaagiza wenzetu wawili kwenda kununua, tulikubaliana mambo mawili: kununua kwa mizani na si kwa gunia la lumbesa, lile linaloshonewa kilemba juu wakati mkulima analipwa gunia moja, na kununua kwa mkulima mwenyewe pale inapowezekana. Tungeweza kubana zaidi. Nafurahi kwamba hatukubana.

Gunia likishafika nyumbani, kazi ndiyo inaanza, na hii ndiyo sehemu ambayo wengi wanaoniuliza hawataki kuisikia. Mahindi yenye unyevu yataota ukungu, na ukungu huo huweza kuwa na sumu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, na mahindi yao yalikuwa ya nyumbani kabisa. Ndugu wa Kibaigwa alitufundisha kipimo kisicho na gharama. Chukua chupa ya soda ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi mpaka kama theluthi, ongeza kijiko cha chumvi kavu, ziba na utikise vizuri. Iache dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Ikianguka chini yote na kioo kikabaki safi, unaweza kuhifadhi. Tulianika kwenye maturubai nyumbani kwa kijumbe, watoto wakiwa zamu ya kufukuza kuku, na siku ya kwanza chupa zote zilituambia bado. Wapo waliokasirika wakataka kubeba mahindi yao hivyohivyo. Kijumbe alikataa, na alifanya vyema.

Yakikauka tunayatia kwenye mifuko ya kinga njaa. Nje ni kiroba cha kawaida cha kusuka, ndani mna mifuko miwili ya plastiki nzito. Unajaza ule wa ndani kabisa, unakandamiza hewa itoke, unasokota shingo, unaikunja na kuifunga kwa kamba mpaka ikaze. Kisha wa pili vivyo hivyo, ndipo kiroba. Dumuzi waliojificha humo humaliza hewa iliyobaki na kufa wenyewe. Hutii dawa hata chembe. Mfuko unauweka juu ya vipande vya mbao, mbali na ukuta, maana panya akitoboa tundu moja kazi yote imeharibika. Na huufungui kila siku: unatoa debe zima kwa mpigo, unafunga upya.

Debe hilo naenda nalo mashineni kusaga dona. Wanangu walilalamika mwanzoni, ugali si mweupe kama wa kwa rafiki zao. Lakini ukikoboa, kiasi kikubwa cha mahindi uliyoyalipia kinabaki mashineni kama pumba, na dona linashibisha. Sasa mdogo wao ndiye anayekataa sembe.

Mboga ilikuja baadaye, na ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Uwanja wangu ni mchanga mtupu, hauzidi upana wa vitanda viwili. Nilipanda matembele kwa vipande vya shina nilivyoomba kwa jirani, nikaweka viroba vya udongo na samadi kando ya ukuta kwa ajili ya mchicha na pilipili. Mchicha ukiumwagilia huanza kuuchuma kama wiki ya nne. Maji ya kuoshea mchele na mboga yote yanakwenda huko. Kuku wa kienyeji nimeanza na wachache, na hapa nasisitiza kwa mtu yeyote: chanjo ya mdondo, tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Mdondo ukipita mtaani banda hubaki tupu ndani ya wiki, na mtu anakata tamaa ya kufuga maisha yake yote kwa kukosa tone.

Hata hivyo sijitegemei kwa kila kitu, wala sitaki. Chumvi, sukari, gesi, samaki, vitunguu nanunua. Mama wa genge aliniuliza kwa uchungu kama nimemhama. Nikamwambia nyanya na nazi bado ni zake, na matembele yanaponizidi nampelekea yeye auze, tunagawana. Kwangu hilo ni sehemu ya mabadiliko yenyewe. Wako watu wakianza kulima viroba viwili wanafunga geti na kuwaona wenzao wavivu; nimewaona, na sikubaliani nao. Hakuna hata kitu kimoja katika haya nilichokipata peke yangu: mbegu ni ya jirani, elimu ya chupa ni ya mkulima, subira ni ya mama.

Kitu kilichobadilika zaidi ni fikra. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipovuruga uzalishaji viwandani na sukari ikaadimika, mtaa mzima ulikuwa kwenye maduka, na bei inapanda asubuhi na jioni. Sisi tulikuwa na kilo chache tulizonunua mapema. Tulikunywa uji bila sukari kwa siku kadhaa ili chai ya mama ipate, na maisha yakaendelea. Sikukopa. Nilikaa kwenye cherehani mpaka jioni nikashona sare ya mtu bila kuinuka kwenda kuulizia bei, na wanaoishi kwa kipato cha siku wanaelewa ukubwa wa jambo hilo. Fundi mwenye unga ndani hashoni kwa papara wala hakubali kazi kwa bei ya kutupa kwa sababu tu jua linazama.

Mwaka jana tulibishana kwa ukali kikundini. Wanawake watatu wa mtaa walitaka kujiunga, lakini 5,000 ya kila wiki hawaiwezi. Mmoja anauza vitumbua, wawili wanafua nguo za watu. Baadhi yetu walisema watatuangusha, mahesabu yatachanganyika. Mimi nilisimama nikasema kikundi kinachowaacha nje wanaonunua kwa robo hakijui kilianzishwa kwa nini. Tulimaliza usiku. Wameingia kwa nusu hisa, wanachangia 2,500, mfuko mmoja wanagawana wawili wawili. Yule wa vitumbua, kwa kuwa watatu hawagawanyiki, nimeshirikiana naye mimi. Mfuko wetu uko kwake, maana chumba chake hakivuji. Sasa tunakusanya kwa ajili ya dumu za mafuta ya alizeti kutoka Singida, na dereva wa lori ameshakubali kutubebea akirudi.