Mtupaji Aliyeondolewa

Msomaji, pengine hujapata kuuona mchezo wa besiboli, wala sikulaumu. Mimi mwenyewe nilifundisha shule kwa miaka 31, na katika miaka hiyo niliwasimamia vijana katika kandanda, voliboli na mbio, lakini besiboli niliijua kwa jina tu, kama mtu ajuavyo jina la mto ambao hajapata kuuvuka. Nilipokwisha kustaafu ndipo ilipobisha hodi nyumbani kwangu Kibirichia, ikanikuta nimejikunyata karibu na jiko la makaa, ikaniuliza habari ya jambo ambalo nilidhani nimelizika zamani.

Aliyeileta ni mpwa wangu. Alikaa California miaka sita akisoma, na aliporudi alirudi na shahada, koti zito, na mapenzi yasiyo na kiasi kwa timu ya Los Angeles iitwayo Dodgers. Koti lilimfaa, maana Kibirichia iko juu katika miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, na baridi ya huku haina adabu kwa mgeni wala mwenyeji. Mapenzi yale hayakuwa na mwenzi mpaka alipompata jirani yangu, mfanyabiashara wa viazi, ambaye alianza kutazama kwa kumdhihaki na akaishia kutazama kwa haki yake mwenyewe.

Nikueleze mchezo kwa ufupi, kwa kuwa bila ya maelezo haya ubishi wetu hautakuwa na maana kwako. Mtupaji husimama juu ya kichuguu kidogo cha udongo katikati ya uwanja. Mbele yake, umbali wa mita 18 na kitu, husimama mpigaji mwenye gongo, na nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji. Mpira waweza kwenda kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa, lakini kasi ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni hila: mpira mmoja huja umenyooka, wa pili huja kama ule wa kwanza kisha ukazama chini gongo likiwa limekwisha kupita. Mpigaji akishindwa mara tatu, hutoka. Wakitoka watatu, timu hubadilishana, na kila timu ina zamu tisa za kupiga. Mpigaji akifanikiwa kuzunguka vituo vyote na kurudi alipoanzia, timu yake hupata pointi moja. Tena wapigaji wa kila timu ni tisa, hufuatana kwa mpango uleule usiobadilika. Wa tisa akiisha, wa kwanza hurudi. Likumbuke neno hilo la kurudi, maana humo ndimo ulimolala ugomvi wote.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba 2020, mwaka wa maradhi ya korona. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, na katika Oktoba ile waliorudi darasani walikuwa wa darasa la nne, wa darasa la nane na wa kidato cha nne peke yao. Mjukuu wangu, aliyekuwa kidato cha pili, alibaki nyumbani akihesabu siku. Serikali ilikataza watu kutembea tangu saa tano za usiku hadi saa kumi za alfajiri, kwa hiyo aliyetaka kutazama mchezo wa Marekani kwangu alipaswa kuja mapema na kulala, au tuseme kukesha. Jirani yangu alikuja na barakoa, blanketi, na viazi vya kuchoma.

Timu mbili zilizofika fainali zilikuwa Dodgers na Rays wa Tampa Bay. Jirani yangu hakuijua hata moja. Aliuliza swali moja tu: "Katika hawa, ni nani asiye na fedha?" Mpwa wangu akacheka, akasema kuwa Dodgers ni miongoni mwa timu zinazolipa mishahara mikubwa kuliko zote, na Rays ni miongoni mwa zile zinazolipa kidogo kabisa. "Basi mimi ni Rays," akasema jirani, na tangu saa ile aliitetea kama aliyezaliwa ndani yake. Mpwa alimwambia kwamba maskini wale hushinda kwa hesabu: wameajiri wataalamu wa tarakimu, hawafanyi jambo ila wamelipima kwanza. Jirani akafurahi zaidi. Mtu auzaye viazi hajui dhambi ya kupima.

Usiku wa tarehe 28, kwa saa zetu, ulichezwa mchezo wa sita huko Arlington, Texas. Dodgers walikuwa wameshinda mitatu, Rays miwili. Dodgers wakishinda huu, kombe ni lao. Mchezo ulianza baada ya saa tisa za usiku. Katika zamu ya kwanza kijana wa Rays, Randy Arozarena, aliupiga mpira ukatoka nje ya uwanja, ikawa moja kwa sifuri, na jirani yangu nusura aliangushe jiko.

Hapo mjukuu akauliza kama kuna Waafrika wanaoujua mchezo huu. Mpwa akamweleza habari za watoto wa Uganda. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda mashindano ya kanda yake, ikapata haki ya kwenda Marekani kwenye mashindano ya dunia ya watoto, lakini ikanyimwa viza, haikwenda. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walishinda tena, na safari hii walifika Williamsport, Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko. "Na mtoto wa miaka 12," akaongeza, "haruhusiwi kutupa zaidi ya mitupo 85 kwa siku. Akifika 66 sharti apumzike siku nne. Mkono wa mtupaji huharibika." Niliupenda mpango huo. Nimeona vijana wengi wakitumikishwa na walimu wao kwa ajili ya kikombe cha bati.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mtupaji wa Rays usiku ule alikuwa Blake Snell, na sijapata kumwona mtu akifanya kazi yake vizuri namna ile. Wapigaji watatu wa kwanza wa Dodgers, ambao walikuwa nguzo za timu, walikuwa wamemkabili mara mbili kila mmoja, na mara zote sita walitoka bila ya kuugusa mpira kwa faida. Kwa jumla aliwatoa tisa namna hiyo. Katika zamu ya sita, mtu wao mmoja akiwa ametoka, Austin Barnes akafanikiwa kuupiga na kufika kituo cha kwanza. Hilo lilikuwa pigo la pili tu la usiku mzima. Snell alikuwa ametupa mitupo 73. Aliyefuata alikuwa Mookie Betts, yule wa kwanza, sasa amerudi kwa mara ya tatu.

Meneja wa Rays, Kevin Cash, akatoka akaja uwanjani, akamwondoa Snell. Uso wa kijana ulieleza yote.

"Kwa nini?" akapiga kelele jirani yangu. "Amechoka? Ameumia?"

"Hapana," mpwa akajibu. "Ni hesabu. Mpigaji akimwona mtupaji mara ya kwanza hubabaika. Mara ya pili hujifunza. Mara ya tatu humpiga. Hesabu za miaka mingi zasema hivyo."

Akaingia Nick Anderson. Betts akaupiga, Barnes akafika kituo cha tatu. Mtupo mmoja ukampita mdakaji, Barnes akaingia, ikawa sare. Kisha Corey Seager akaupiga mpira wa chini, na Betts akakimbia akaingia. Mbili kwa moja, kabla hata hatujamaliza kubishana.

Ubishi wenyewe ulikuwa mzuri, na laiti ningalikuwa na nafasi ningekuandikia wote. Mpwa wangu, ambaye timu yake ilifaidika, ndiye aliyemtetea meneja wa adui, na hilo lilinipendeza. Alisema tusihukumu uamuzi kwa matokeo yake. Siku kumi kabla, katika mchezo wa saba dhidi ya Houston, Cash huyuhuyu alimwondoa Charlie Morton akiwa ametupa mitupo 66 tu, naye pia alikuwa akitupa vizuri. Akamwingiza Anderson huyuhuyu, na Rays wakashinda 4 kwa 2. "Siku ile mlimwita mwerevu," akasema. "Mtu hawezi kuwa mwerevu tarehe 17 na mjinga tarehe 27 kwa tendo lilelile."

Jirani akajibu kwamba si tendo lilelile. Anderson alikuwa amefungwa katika kila mchezo wa michezo yake sita iliyopita. Hiyo nayo si hesabu? Kwa nini meneja aisome hesabu ya mtu anayetoka asiisome ya mtu anayeingia? Tena hesabu ile ya mara ya tatu ni ya watupaji wote, wazuri na wabaya waliochanganywa katika gunia moja. "Mimi nikinunua viazi," akasema, "siambiwi bei ya viazi vya Kenya nzima. Nafungua gunia lililo mbele yangu."

Nilidhani amemaliza. Nje dereva wa lori lake alikuwa amekwisha kufika na alipiga honi mara mbili. Jirani yangu hakuinuka. Alitazama moto, akasema kwa sauti ya chini, "Nawe pia, Mwalimu, hukuniuliza."

Mpwa na mjukuu hawakujua asemalo. Mimi nilijua. Mwaka 1988 jirani yangu alikuwa mwanafunzi wangu na golikipa wa shule yetu. Tulifika fainali ya wilaya. Dakika tisini zikaisha sare, na muda wa nyongeza ukakaribia kwisha sare, penalti zikiwa mbele yetu. Alikuwa ameokoa mipira ambayo hata leo sijui aliifikia vipi. Nami nilikuwa na daftari. Nilikuwa mwalimu kijana wa hisabati na nililiamini daftari langu kuliko nilivyoamini macho yangu. Humo niliandika penalti zote za mazoezi: yeye aliokoa 6 katika 40, na golikipa wa akiba aliokoa 11 katika 40. Dakika moja kabla ya filimbi nilimtoa, nikamwingiza yule wa akiba. Penalti nne zikapigwa kwetu, zote nne zikaingia. Tukashindwa.

Hatukupata kulizungumza. Alimaliza shule, akaoa, akanunua shamba lililopakana na langu, tukazikiana wazee na kuchangiana harusi, na katika miaka 32 hakulitaja hata siku moja. Nami nilijifariji kwa hoja ileile aliyoitoa mpwa wangu: uamuzi ulikuwa sahihi, matokeo ndiyo yaliyokuwa mabaya. Nasikia Cash naye aliwaeleza waandishi vivyo hivyo baada ya mchezo, kwamba anajutia matokeo, lakini fikira iliyomwongoza ilikuwa sawa. Nilipolisikia hilo nililitambua kama mtu anayelitambua koti lake likiwa limevaliwa na mwingine.

Dodgers walishinda 3 kwa 1, jua likiwa limekwisha kuchomoza, wakapata ubingwa ambao hawakuupata tangu 1988. Mwaka uleule, msomaji, sikuupanga mimi. Jirani alikuwa ameondoka kabla ya mwisho, lori likimngoja.

Nililitafuta daftari. Lilikuwa katika sanduku la bati chini ya vyeti vyangu, panya wamelila pembeni. Hesabu zilikuwa sahihi: 6 katika 40, 11 katika 40. Lakini nilikuwa na desturi ya kuandika pia majina ya wapigaji, nami kwa miaka yote hiyo sikuyasoma ila tarakimu. Nikayasoma sasa. Waliompigia jirani yangu walikuwa wapigaji wetu wa kwanza, vijana wa kidato cha tatu. Golikipa wa akiba alifanya mazoezi na kikosi cha pili. Waliompigia walikuwa wa kidato cha kwanza, wengine wao wadogo kiasi cha kupwaya ndani ya jezi. Nilikuwa nimepima viazi vya magunia mawili kwa mizani moja bila ya kutazama ni viazi gani.

Nikavaa koti, nikaenda sokoni na daftari kwapani. Nilimkuta akihesabu magunia yakipandishwa lorini. Nikamfungulia kurasa zile mbili, nikamwonyesha majina, nikamwambia kosa langu bila ya kulipamba. Alisoma polepole, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari. Alicheka alipofika kwenye jina moja: "Huyu! Huyu hakuweza kupiga mpira ukafika golini." Kisha akanyamaza, akaugeuza mkono wake wa kulia, akautazama kiganja.

"Kifundo hiki kilikuwa kimevimba, Mwalimu," akasema. "Tangu kipindi cha pili. Sikuweza kuukunja."

Nikamwambia, "Basi kama ningalikuuliza..."

"Kama ungaliniuliza ningekudanganya. Ningesema sina maumivu." Akalifunga daftari. "Lakini ningependa uniulize."

Mpakizi akaita kutoka juu ya lori kwamba hesabu imempotea, ni magunia 60 au 61. Jirani yangu akanirudishia daftari, akapanda mwenyewe kwenda kuhesabu upya.