Majani yanafanana, dawa haifanani

Mtoto alikohoa usiku wa tatu mfululizo. Asubuhi bibi yake akaingia na fungu la majani.

"Chemsha haya, mwanangu. Ndiyo yale yale niliyompa mumeo alipokuwa mdogo."

Mama wa mtoto akayapokea kwa mikono miwili, kisha akauliza kwa upole: "Mama, mmea wenyewe unaitwaje?"

"Jina limenitoka, lakini majani nayajua."

Kuuliza jina si kumkosea mkubwa heshima. Hata wataalamu wamewahi kukosea.

Mwaka 1987, katika msitu wa Korup nchini Kameruni, yalichumwa majani ya mmea unaopanda miti mirefu kwa kujishikiza na vindoano vyake. Ni wa kundi la Ancistrocladus, lenye spishi zipatazo 20 Afrika na Asia. Moja yao inaota milima yetu ya Udzungwa. Majani ya Korup yalipopimwa na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, yalikutwa na kemikali iliyozuia virusi vya Ukimwi maabara. Awali mmea huo ulidhaniwa kuwa Ancistrocladus abbreviatus, spishi iliyokwishajulikana.

Watafiti wakaitafuta spishi hiyo kwingine, Kameruni na Ghana. Wakaipata, lakini kemikali ile haikuwamo. Kumbe mmea wa Korup ulikuwa spishi nyingine kabisa. Mwaka 1993 ukapewa jina lake, Ancistrocladus korupensis.

Hata hivyo, haukuwa dawa. Majaribio kwa mbwa yalionyesha kuwa kiasi cha kuzuia virusi kinakaribia kiasi kinachodhuru neva. Safari ya kuufanya dawa ikakwama.

Ikiwa wenye maabara walichanganya mimea miwili ya kundi moja, mzazi aliye jikoni atakuwa na uhakika gani? Na kipimo cha kikombe kilichomfaa mtu mzima kinaweza kumzidi mtoto. Kama mtoto ameshakunywa majani, usimfiche mhudumu wa afya. Mwambie, na umpelekee tawi lenyewe.

Siku ile sufuria haikuwekwa motoni. Bibi alimbeba mjukuu hadi zahanati, mama yake akafuata na fungu la majani ndani ya mfuko. Mlangoni bibi akageuka.

"Usisahau kuwauliza jina lake. Na mimi nataka kulijua."